Mabeseni Matatu ya Kiangazi

Kazi inayonilisha ina rangi moja. Nina studio Soweto, hapa Mbeya, chumba kimoja chenye kiti, kioo, kitana nilichokifunga kwa kamba kisije kikaondoka na mteja, na kitambaa cha bluu ukutani. Watu wanakuja kupiga pasipoti saizi. Wanakaa, wananyoosha shingo, wanakodoa macho kama wanasomewa hukumu, nafyatua, wanaondoka na vipande vinne vya sura ambayo hata mama zao wangeikana. Bluu ile nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na mke wangu, na mke wangu angalau hubadilika.

Nadhani ndiyo sababu nikaangukia kwenye kutu. Mtu anayeshinda na bluu moja kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili anataka kitu kilichochanganyika. Wenzangu wakienda ibadani, mimi nabeba kamera kwenda kutafuta kuta zilizomenyuka, milango iliyopauka, mabati yaliyogeuka rangi ya chai, ya pilipili kavu na ya ngozi ya ng'ombe, yote kwenye paa moja. Huku kwetu vitu hivyo vimejaa. Mvua ya miezi mingi, baridi, jua la saa nne, vumbi jekundu: nyumba ikijengwa leo, baada ya miaka ishirini ina rangi ambazo hakuna duka linaziuza. Nimepiga mabani ya kukaushia tumbaku kule Iringa, yale marefu ya matofali yaliyoachwa na walowezi, popo wamejaa ndani na mihindi imeota mpaka mlangoni. Nimepiga vilima baada ya watu kuchoma majani, vyeusi chini na kijani changa juu. Mtu akiniuliza napiga nini, nilikuwa namjibu, kwa sauti ya msomi, kwamba napiga picha za muda.

Shida ya kupiga picha za muda ni kwamba wenye nyumba hawaupendi.

Mbalizi kulikuwa na duka moja pembeni ya soko ambalo ukuta wake niliutamani kwa miezi. Tangazo la sabuni la utotoni mwangu lilikuwa linachungulia chini ya tangazo la soda, soda ikichungulia chini ya kampuni ya simu, na yote matatu yameliwa na jua. Nikafanya uungwana. Nikamwendea mwenye duka, nikaomba ruhusa, tukakubaliana Alhamisi asubuhi. Alhamisi nikakuta ukuta mzima umepakwa rangi ya maziwa, chini mkanda wa kahawia, na yeye mwenyewe amesimama mbele yake na suti, mke kulia, watoto wamepangwa kwa vimo. Akaniomba radhi kwamba rangi haijakauka vizuri. Ningemwambia mapema zaidi angepaka tangu Jumatatu. Nikapiga. Ningefanya nini? Picha ile bado ameitundika dukani, na kila nikipita ananipa chai. Nainywa nikiwa nimeupa ukuta mgongo.

Nikatoka na somo moja, kwamba mwenye nyumba usimwachie nafasi. Tangu siku hiyo kila niliyemwomba nilimwambia waziwazi: usiguse kitu. Usipake, usipige lipu, usibadilishe pazia, iache ilivyo. Niliwaambia hivyo watu wengi. Wengi hawakunisikiliza, na sasa naona walifanya vizuri. Aliyenisikiliza ni mmoja tu, shangazi yangu.

Shangazi ni dada mdogo wa marehemu baba. Ni mjane, watoto wake walishaondoka, mmoja akaolewa mbali na mwingine akatangulia mbele za haki, na yeye anaishi peke yake kwenye nyumba ya babu. Unashuka basi Ipogolo, Iringa, unachukua bodaboda mpaka barabara inapokata tamaa, halafu unatembea. Mimi ananiita baba, kwa sababu jina la babu nililirithi mimi, na kwa hesabu zetu za Kihehe aliyerithi jina la baba yake ndiye baba yake. Ni cheo kikubwa. Kwa miaka mingi nilikifurahia bila kujiuliza kinadai nini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kwanza kijijini kuezekwa kwa bati. Babu aliyanunua mabati yale kwa jasho la mashamba ya chai ya Mufindi, mabati mazito ya zamani, na watu walikuwa wanakuja kuyasikiliza mvua ikinyesha. Nilipoanza kuipiga picha yalikuwa yamefikia uzee ninaoupenda mimi. Kutu ilikuwa imeanzia kwenye misumari ikashuka kwa michirizi. Ukutani chokaa ilikuwa imebanduka, chini yake kijani cha enzi za baba akiwa kijana, chini ya kijani udongo mwekundu. Nilikuwa naweza kuutazama ukuta ule asubuhi nzima. Shangazi alikuwa ananiletea kigoda.

Picha ya kwanza niliipiga mwezi wa tatu, mvua ikiwa haikatiki. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali tu, kamera ipo begani kwa mazoea. Akanikaribisha ndani, nikaona chumbani kwake amepanga mabeseni matatu kwenye sakafu ya udongo, la njano, la kijani na jekundu, na matone yanadondoka kwa zamu. Mwanga ulikuwa unaingia kwa tundu lilelile la paa lililokuwa linaingiza maji. Nyuma yake kitanda, na nyuma ya kitanda ule ukuta. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye tope. Nilipiga picha nyingi sana, nikahema, nikamwambia kwamba nitarudi mwakani kuipiga tena, na kwamba tafadhali asiguse kitu.

"Nisiguse kabisa?" akauliza.

"Kabisa, shangazi. Iache hivihivi."

Akaitazama kamera, akasema sawa.

Nyumbani niliifungua kwenye kompyuta nikamwita mke wangu. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kwao mvua ni kama ndugu wa familia. Aliitazama picha ile akiwa na mwiko mkononi, nikamwonyesha njano inavyozungumza na kutu, nikamwonyesha kivuli. Akauliza swali moja tu: "Hapo analala nani?"

Nikamwambia siyo hoja. Nikamweleza habari za mwanga. Akarudi jikoni.

Mwaka uliofuata nilikwenda mwezi wa saba. Mwezi wa saba Iringa ni baridi na upepo, mbingu safi, mvua haipo hata ya kusingiziwa. Nikaingia chumbani nikakuta mabeseni matatu yamepangwa palepale, makavu. Nikafurahi kupita kiasi. Nikasema moyoni, shangazi ana jicho. Mwanamke wa kijijini, hajawahi kushika kamera, lakini ameelewa kwamba picha inahitaji mabeseni. Alikuwa pia amevaa kitenge chake kibovu kuliko vyote, na nilipomwomba asimame mlangoni hakutabasamu hata kidogo, akatazama chini. Watu wa pasipoti naishia kuwabembeleza wakae kawaida na hawakai. Huyu alikaa bila kuambiwa. Nikawa namsifia kwa watu, kwamba kipaji ni cha ukoo.

Ikawa desturi yetu. Kila mwezi wa saba napiga simu kwenye kitochi chake, namwambia nakuja, usiguse kitu. Nafika, tunasalimiana kamwene, kamwene baba, mabeseni yapo, kitenge kipo, napiga, nakula ugali kwa njegere, naondoka. Akinisindikiza ananiambia kwamba kazi ninayoifanya ni kubwa na Mungu ataniona. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuiheshimu kazi yangu kiasi hicho.

Tundu la paa lilikuwa linakua. Nilikuwa naliona, nisiseme sikuliona. Mwaka wa tatu mwanga wake ulikuwa sahani, mwaka wa tano ukawa sinia. Niliandika mabadiliko hayo kwenye daftari.

Mwaka wa tano huo meneja wa hoteli moja mpya hapa Mbeya alikuja studio kupiga pasipoti saizi, akaona picha ya mabeseni nyuma ya kaunta, akasimama. Akasema wageni wake wanapenda kitu cha asili chenye hisia. Nikaikuza mpaka ikatosha mlango, ikatundikwa kwenye ukumbi wa chakula, juu ya meza ya supu. Akataka jina. Nikafikiri siku mbili nikaiita Subira. Malipo yake niliyageuza lenzi, lenzi nzuri, inayoona mpaka nyufa za ndani ya ufa.

Masika yaliyofuata shangazi akaugua kichomi. Jirani yake ndiye aliyepiga simu. Nikatuma hela ya dawa, nikampelekea kwa basi blanketi zito, jekundu lenye maua makubwa. Akapona, akanipigia kunishukuru, sauti imekwaruza. Mwezi wa saba nilipokwenda nikalikuta limetandikwa kitandani. Lilikuwa jipya mno, linapiga kelele, linaharibu kutu yote. Nikalikunja nikalitoa nje ya fremu. Hilo nalisimulia kwa sababu nikilificha, mengine yote niliyosema hayatakuwa na maana.

Nilipomaliza tukakaa jikoni kwake, moto umekolea, anamenya njegere kwenye ungo. Lenzi mpya ilikuwa mapajani mwangu, naifuta. Akaniuliza bila kuniangalia.

"Baba, hao watu wamesemaje?"

"Watu gani, shangazi?"

"Unaowapelekea picha."

Nikamwambia wameipenda sana. Nikamweleza ukumbi ulivyo, ukubwa wa picha, na jinsi wageni wanavyosimama na sahani mkononi wakaitazama mpaka supu inapoa.

"Wamependa nini?"

"Rangi. Ile kutu ya kwenye bati, ukuta ulivyobanduka. Na yale mabeseni."

Akamenya njegere mbili, tatu.

"Na bati wanaleta lini?"

Nikaacha kufuta lenzi. Akaendelea kunieleza taratibu, kama anayemkumbusha mtu jambo analolijua. Ng'ambo ya bonde, jirani yake mjane alikuwa amepigiwa picha nyumba yake na wageni wa mradi fulani. Walikuja mara mbili, mara ya pili kuhakikisha kwamba bado ni mbovu, kisha mabati yakaja kwenye lori. Mwingine wa kanisani alipigiwa picha, lakini kabla wageni hawajarudi akaona aibu, akasiriba ukuta na kutundika pazia jipya. Wageni waliporudi wakasema huyu ana uwezo, wakamruka. Kijiji kizima kilijua utaratibu. Ukishapigwa picha ya nyumba, usiitengeneze, na siku ya picha usipendeze. Ndiyo maana mimi niliposema usiguse kitu, alielewa mara moja kwamba naijua kazi. Vijana wa kwaya walikuja mwaka wa pili na mabati machache yaliyotumika, wakataka wazibe lile tundu. Aliwarudisha. Aliwaambia baba anashughulikia.

Nikakumbuka mabeseni makavu ya mwezi wa saba. Nikakumbuka kitenge na yale macho ya kutazama chini. Miaka mitano nilikuwa nasifia jicho la shangazi, kumbe alikuwa anajaza fomu. Na mvua zote hizo alikuwa anasogeza kitanda, ukuta huu, ukuta ule, ili nyumba isiponywe kabla ya wakati.

Niliona aibu. Siyo aibu ya kujikuna kichwa. Nilitamani moto ule wa jikoni uzimike ili asinione usoni. Njia ya heshima ilikuwa moja, kumwambia kwamba hakuna watu, kwamba watu ni mimi na wapenda supu. Badala yake nikafungua mdomo nikasema, "Septemba. Kabla ya mvua."

"Eee," akasema. "Nilijua hawatatutupa."

Nikarudi Mbeya. Nilimsimulia mke wangu yote, hata blanketi. Nilisubiri aniseme, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Alikwenda kabatini akachukua boksi la lenzi, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda kuanua nguo.

Lenzi ikarudi dukani, na mimi nikawa mradi. Nikapanda basi kwenda Iringa mjini kununua mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo familia yetu imelijua siku zote. Mwenyewe ni Mhindi, amezaliwa hapohapo, Kihehe chake kinanishinda mimi, na babu yake ndiye aliyemwuzia babu yangu yale ya kwanza. Nilipomweleza ni ya nyumba ipi akacheka kwamba yale ya mwanzo yamedumu hivyo, akasema siku hizi hawatengenezi namna hiyo. Kisha akaniuliza swali ambalo mtu wa picha za rangi alipaswa kulifurahia. Siku hizi mabati yana rangi. Nataka ipi?

Nilikuwa nimeshaichagua, mtu asidhani kwamba nilibadilika haraka. Kulikuwa na rangi moja ya udongo, iliyofifia, ambayo jioni ingekaa vizuri na kile kilima cha nyuma. Lakini nikapata akili ya kumpigia simu mwenye nyumba. Nikamwambia watu wanauliza anataka rangi gani.

"Bluu," akasema, hata kabla sijataja nyingine. "Ionekane toka barabarani."

Mwenye duka akanionyesha bluu. Ilikuwa ileile ya kitambaa changu cha Soweto.

Mafundi waliezua siku moja, wakaezeka siku ya pili. Vijana wa kwaya walikuja kusaidia, safari hii hawakurudishwa. Yale mabati ya babu niliyaomba niyahifadhi, nikasema yana historia. Shangazi akasema historia ataitafutia kazi, akaezekea banda la nguruwe. Kutu ile yote niliyoiwinda miaka mitano sasa inamfunika nguruwe, na nguruwe sijawahi kumwomba asiiguse.

Wiki iliyofuata akaniita nije na kamera. Nilipokata kona ya mwisho niliiona nyumba kutoka mbali, kama alivyotaka, bluu kali katikati ya majani makavu, kuta zimepakwa chokaa nyeupe mpaka macho yanauma. Chokaa ya zamani, kijani na udongo mwekundu vyote vilikuwa vimekwenda. Yeye alikuwa amesimama mbele ya mlango na sare za akina mama wa kanisa, kitambaa kichwani, viatu. Blanketi jekundu alikuwa amelianika kwenye kamba pembeni, makusudi kabisa, liingie kwenye picha. Na alikuwa anatabasamu mpaka nikaona pengo ambalo sikuwahi kujua kwamba analo. Ilikuwa picha mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga pale. Sikutaka imalizike.

"Wapelekee hao watu," akaniambia. "Waambie wameniheshimu."

Niliichukua mpaka hotelini, naapa. Nilimwomba meneja aitundike badala ya ile nyingine, au hata kando yake. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa adabu. Akasema ni safi, lakini haina hisia. Subira bado ipo pale, juu ya supu, mtu yeyote anaweza kwenda kuiona. Ya bluu nimeitundika studio, na wateja wengine wanauliza yule bibi ni nani aliyepiga pasipoti akiwa amesimama nje.

Mwezi wa saba mwingine ukafika. Sikupiga simu. Sikuwa na ubaya. Nilikuwa nimeanza kulifuatilia bani moja la tumbaku lililoezuka upande, na kwa shangazi hakukuwa tena na cha kupiga. Wiki ya tatu akapiga yeye. Nilikuwa na mteja kwenye kiti, nikabana simu begani. Tukasalimiana kamwene. Akanipa habari za nguruwe, za njegere, za mvua iliyopita, kwamba alilala siku zote mahali pamoja.

"Mwaka huu hujaja kupiga," akasema.

"Nyumba si imeshapendeza, shangazi."

Nyuma yake nikasikia nguruwe akiguna.

"Kumbe ikipendeza huji, baba."

Hakuuliza, alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kisha akaniambia niwasalimie nyumbani. Mteja alikuwa amenyoosha shingo mbele ya kitambaa, macho yamemtoka, anasubiri nifyatue. Nikamwomba arudi Jumatatu, nikawahi basi la Iringa.